Kaburi Tulilochimba kwa Ajili ya Kamera

Admin, nifichie jina tafadhali. Mimi ni mwanaume wa miaka 32, naishi Sekei hapa Arusha, kazi yangu ni kupiga picha za filamu. Najua kuna watakaonitukana. Tukaneni tu, mimi mwenyewe najitukana kila ninapojiangalia kwenye kioo. Ila mficha uchi hazai, leo nasema.

Mwaka jana nilipata kazi niliyoiota tangu naanza: filamu ya kweli, na kamera ya sinema ya kukodi kutoka Dar, si hizi za harusi nilizozoea. Ile kamera haidanganyiki jamani, inaona mpaka vinyweleo. Dairekta wetu, dada mmoja mkali sana, alitaka picha ya mwisho ipigwe kutoka ndani ya kaburi. Kamera ilale chini itazame juu, waombolezaji watupe udongo. Tulijaribu kwa shimo la mbao tulilolibandika udongo, kwenye skrini ukaonekana uongo mtupu. Akasema, "Nataka kaburi la kweli."

Kiherehere changu kikanituma niseme kwetu pana nafasi. Kwetu ni juu huko Meru, kwenye kahawa na migomba. Nikampigia baba, ambaye ni mzee wa kanisa. Akanijibu kwa kifupi, "Kaburi halichimbwi kwa mchezo. Sitaki kulisikia tena." Basi nikasubiri aende Usa River kwa shangazi kwa siku mbili, nikambembeleza mama. Mama hakuwahi kuninyima kitu.

Tukachimba nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, majirani wasione. Siku hiyo mwigizaji wa kucheza mama wa marehemu hakutokea, dairekta akamwomba mama yangu ashike nafasi yake. Mama akafunga khanga, akachota udongo, akautupa juu ya kioo tulichofunikia kamera, akalia machozi ya kweli. Tulirekodi mara moja tu, haikuhitajika kurudia.

Ndipo mvua ikaanza. Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likikosa mtu, unalaza mgomba ndani, unafukia. Mama akaniambia, "Mwanangu, msiondoke hamjafukia. Baba yako anarudi kesho."

Nikamjibu, "Mama, kamera ya watu hii, ikiloa nimekwisha. Asubuhi na mapema nakuja, nakuapia."

Nikaifunika ile kamera kwa koti langu mwenyewe, tukaondoka. Mama nikamwacha amesimama kwenye mvua.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, na nilijua. Hakusubiri asubuhi. Alikata mgomba peke yake, akaulaza, akafukia kwa jembe huku akinyeshewa, ili mimi nisigombane na baba. Jirani alimkuta ameanguka pale pale, shimo limeshajaa. Hakufika hospitali.

Baba aliporudi aliambiwa mkewe ameanguka akilima, nami nikanyamaza. Akalia, akasema, "Nilimkataza jembe mara ngapi! Basi mzikeni hapo hapo, udongo ameshautifua mwenyewe." Wachimbaji walipofika chini wakakutana na mgomba mbichi, wakaniangalia. Nikawaambia ni mbolea. Mama yangu amelala kwenye shimo nililomchimbia mimi, na kule nyumbani hakuna anayejua isipokuwa mimi na Mungu.

Sasa filamu imekamilika, itaonyeshwa mjini wiki ijayo. Nimempigia dairekta magoti aitoe ile picha, amekataa, anasema ile ndiyo filamu yenyewe. Jumapili nilipanda nyumbani, nikamwamkia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Jirani ameona tangazo mjini, anasema mama yenu yumo kwenye filamu yako. Mbona umenificha? Mimi sina hata video yake moja. Suti nimeshaipeleka kwa dobi. Unitafutie kiti cha mbele, macho yangu unayajua."

Alikuwa anacheka. Tangu msiba sijawahi kumwona baba akicheka.

Ndugu zangu, wiki ijayo atakaa kiti cha mbele, amtazame mama akitupa udongo kwenye kaburi lake mwenyewe, na migomba yake ataitambua. Nimwambie kabla hajaivaa hiyo suti, au niache kamera imwambie? Nishaurini, sina wa kumuuliza. Wa kumuuliza alikuwa mama.