Jivu, Makaa na Karai la Paka

Mama yangu alikuwa anaweka maharagwe ndani ya jivu. Hiyo ilikuwa Kitale, wakati baba alipopata kipande cha shamba na sisi tulikuwa wageni huko, watu wa kutoka upande wa Mlima Kenya, tunashangaa mahindi yanavyorefuka. Mama alichekecha jivu la jikoni mpaka likawa laini kama unga, akalichanganya na maharagwe kwa pipa, na mdudu hakuthubutu. Ukitumwa kuchota, unatoka na mkono mweupe mpaka kiwiko. Dada yangu mkubwa alikuwa anatupaka usoni halafu anatusalimia kwa heshima, ati wazungu wamekuja kukagua shamba.

Jivu kwetu lilikuwa dawa ya kila kitu. Sufuria, jivu. Sukuma wiki ikiingiliwa na wadudu, jivu. Choo cha shimo, jivu. Mke wangu, tulipopata boma letu wenyewe, aliweka mkebe wa jivu pale mlangoni mwa choo, na ole wako utoke bila kumwaga. Angejua. Yuko jikoni, wewe uko nyuma ya migomba, na bado anasikia kama jivu limemwagwa au halijamwagwa. Sasa ametangulia, na ni mimi ninayekaa nikisikiliza vitu visivyosikika.

Nimetoka njiani. Nilitaka tu mjue kwamba mtu aliyelelewa na jivu, ukimpa shida ya harufu, hana pengine pa kukimbilia.

Shida yenyewe ilinipata Kanduyi. Baada ya mazishi ya mama yao, vijana wangu waligawana shamba na kila mmoja akawa na jiko lake, mimi nikawa kama kiti cha kuazima, leo kwa huyu kesho kwa yule. Binti yangu alikuwa anafanya kazi ya serikali Bungoma, amepanga chumba hapo Kanduyi kwenye ploti ya vyumba vingi. Akaniambia, "Baba, njoo ukae na mimi." Nikaja. Tulikaa vizuri sana, jioni tunabishana juu ya redio. Kisha akahamishiwa Lodwar, na joto la kule si la mzee. Akaniachia chumba, redio, na paka wake, dume la rangi ya chai ya maziwa.

Huyo paka alikuwa na choo ndani ya nyumba. Msicheke. Ploti yote ni simiti, hakuna mahali pa kufukua, na nje kuna vifaranga vya mama mwenye ploti. Kwa hiyo binti alikuwa amemwekea karai kwa kona, na ndani anatia mchanga wa paka, ule wa kununua supamaketi. Mimi mkulima, kuona mchanga unauzwa kwa mfuko! Nilimpigia kijana wangu wa kwanza nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Baba, ati paka ako na choo ya ndani, na sisi huku tunatoka na mwavuli? Mrudishe shamba ashike panya."

Sikumrudisha. Sikumwambia kijana sababu, maana mtoto hawezi kuelezwa kwamba wewe unaamka asubuhi na mtu wa kwanza kukutazama ni paka.

Mchanga ulipoisha, nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaomba jivu kwa mama wa kuchoma mahindi pale barabarani, nikachekecha, nikajaza karai. Nilijisifu kweli. Lakini jivu la choo cha shimo linakaa chini mbali, na hili liko hatua chache tu kutoka kitandani kwangu. Likilowa mkojo wa paka linatoa ukali wa kuchoma macho. Na yule bwana akitoka karaini anatembea na miguu myeupe juu ya blanketi, juu ya meza, juu ya Biblia.

Mimi nilishaizoea, sikusikia tena harufu. Harufu ya nyumba haimfikii mwenyewe, humpiga mgeni puani, na mimi mgeni sikuwa naye. Aliyeisikia ni mwenye ploti, mama mmoja mwenyeji wa Bokoli, mkubwa wa mwili na wa sauti. Alisimama mlangoni ameziba pua kwa leso.

"Kuka," aliniita hivyo, ni babu kwa lugha yao, "hii si harufu. Hii ni matanga."

"Ni paka, mama. Nimemwekea jivu."

"Jivu! Si ndiyo maana! Wapangaji wanasema nimeficha maiti." Akatazama kona, akatazama paka. "Nakuja tena Jumamosi. Nikikuta bado inanuka, huyo anaenda. Wewe baki, nakuheshimu. Yeye anaenda."

Nikamjibu kwamba paka akienda hata mimi sina cha kubakia. Nilisema kama utani. Hakucheka. Aliingia, akaketi kwa stuli, wa kwanza kuikalia tangu binti aende, na akanieleza mambo ya kwao. Mama yake alikuwa anasugua kibuyu cha maziwa kwa makaa, ndiyo maziwa yasichukue harufu mbaya. "Jivu ni ya choo ya nje," alisema. "Makaa ndiyo inakula harufu. Twanga, weka chini. Juu weka vumbi ya mbao, iwe imekauka. Na utoe uchafu kila asubuhi, kuka, usingoje mpaka sisi tukukumbushe."

Nikatwanga makaa. Nikaenda kwa maseremala nikapata vumbi la mbao, nikalianika kwa gunia. Kila asubuhi nilitoa uchafu kwa kijiko kikuukuu, nikaufunga na gazeti, nikaupeleka choo cha ploti. Paka alikuwa anakaa kando akiniangalia kama msimamizi. Nikimaliza anaingia, anafukua, anageuka, anafukia vizuri, anatoka bila haraka. Nilikuwa namwambia, "Haya bwana, ofisi iko wazi." Sikuwa nimepata kazi ya asubuhi tangu niache kukamua ng'ombe.

Mwenye ploti alipita siku mbili tatu kuonja hewa. Kila mara alikaa kidogo kwenye stuli. Harufu ilikuwa inapungua, na kukaa kwake pia kulikuwa kunapungua.

Jumamosi ikafika na mimi nikaingiwa na woga. Nikafikiri, je, kama pua yangu inanidanganya tena? Nikamwaga kila kitu. Nikaosha karai kwa ile dawa kali ya choo, chupa nzima, nikapiga deki chumba chote nayo, mpaka kona. Nikaweka makaa mapya, vumbi jipya. Nyumba ikanukia kama hospitali.

Paka akaja. Akanusa ukingo wa karai, akarudi nyuma. Akazunguka, akanusa tena, akatafuta kitu ambacho kilikuwa chake na hakikuwepo. Akaniangalia. Nikamwambia, "Ingia tu, ni pako." Akatoka mlangoni.

Huko nje akapishana na mwenye ploti, mguu kwa mguu. Yeye aliingia mpaka katikati ya chumba, akashusha leso, akavuta pumzi ndefu.

"Sasa hii ni nyumba, bana," akasema. "Paka akae."

"Asante, mama. Karibu stuli."

"Aa, siketi. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya harufu tu."

Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Paka alikuwa amepanda juu ya ukuta wa ploti. Nilimwita kwa ile sauti ya kumwita chakula. Alisimama, sikio moja likageuka upande wangu. Kisha akateremka upande wa barabara, taratibu, kama mtu anayetoka kazini, na hakurudi tena.