Aliyepiga Magoti Ndani ya Ndege

Asubuhi moja nilitoka kijijini kwetu Kitendaguro bila mpango, mfukoni nina ujira wa kuchuma kahawa, na miguu ikanifikisha uwanja wa ndege.

"Mwanza? Ndege ya bei nafuu au yenye huduma zote?" akauliza wakala wa tiketi.

Safari ni fupi na begi sikuwa nalo. Lakini mimi niliyeishia darasa la tano nilitaka nihudumiwe kama mtu, walau mara moja. Nikachukua ya ghali.

Sikujuta. Viti safi, kila abiria anakaribishwa. Kisha mhudumu akaja, akapiga magoti kando yangu, kama mabinti zetu wanavyosalimia wakubwa. Ndiyo heshima niliyoilipia! Kabla hajatamka neno nikawahi, "Marahaba, mwanangu! Kwenu wapi?"

"Ijumbi, baba."

Nikamuuliza habari za migomba, mvua, wazee. Alijibu yote kwa upole, magoti chini.

Mama wa kiti cha nyuma akashindwa kuvumilia. "We baba, inuka! Umekalia mkanda, dada anautafuta!"

Ndege nzima ikaangua kicheko. Nikainuka, jasho linanitoka. Binti akanifunga mkanda, lakini hakusimama.

"Tayari, baba," akasema akitabasamu. "Sasa, shikamoo."