Santuri ya Kituyi

Kituyi alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Eldoret, mahali ambapo ukitaka kumwambia mwenzako jambo ilibidi umshike bega na kumpigia kelele sikioni. Sisi wengine tulitoka zamu tukitafuta kimya. Kituyi alitoka akigonga mdundo wa zile mashine kwenye paja. Kwa hiyo mzungu aliyekuja kufunga mitambo mipya alipomwachia kanda ya hevi metal, sikushangaa hata kidogo. Mtu alikuwa amepata kelele za saizi yake.

Tulianzisha bendi katika chumba alichopanga mtaa wa Huruma: yeye gita na sauti, Ogola besi, mimi Oketch dramu. Mwaka wa themanini na sita tulipanda basi hadi Nairobi tukarekodi santuri nzima, ile kubwa, nyimbo zote kwa Kiswahili. Tuliiita Mashine Hazilali. Na nitasema bila haya: ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Kituyi alikuwa na sauti nzito ya kifuani, ambayo kwenye kiitikio ilipanda juu ikakwaruza kama msumeno, kisha ikarudi chini polepole.

Hakuna aliyeinunua. Wenye maduka walitaka benga na rumba, redio ilitaka nyimbo za kumsifu rais, Nyayo mwenyewe, na sisi hatukuwa na mstari hata mmoja wa kumsifu mtu. Jirani yetu Hellen aliifanya nakala yake kifuniko cha mtungi wa maji, halafu akatuambia inafaa sana. Nilimnunia wiki nzima.

Kituyi mwenyewe hakujali. Alichotaka ni neno la baba yake tu. Mzee Wasike aliishi shambani Chepsaita, na Wabukusu wote wa upande ule walimjua, maana ndiye aliyeongoza wimbo wa kumtoa kijana mtoni alfajiri, amepakwa matope, hadi nyumbani kwao kutahiriwa. Mtu wa namna hiyo akisema unajua kuimba, basi unajua. Akisema hujui, utakata rufaa wapi? Kituyi alisingizia zamu, lakini nadhani aliogopa. Akampa dada yake Nekoye santuri aipeleke.

Nekoye aliporudi hakutaka kusema. Kituyi akambana mpaka akasema.

"Aliiweka mbele ya wageni. Wazee wakacheka. Papa akauliza, huyu ni omusinde wa nani anaimba?"

Omusinde ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Mimi ni Mjaluo, kisu hicho hakinihusu, na bado nilijua tusi hilo linavyochoma.

"Akasema, mtoto wangu alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Hii si sauti ya mtu aliyesimama. Halafu akaizima."

Kituyi alidhani kilichowachekesha ni kile kiitikio, pale sauti inapopanda. Nilimwambia, "Wewe enda nyumbani umuulize. Si ni baba yako?" Akaniambia nishughulike na dramu zangu. Ukaidi wa mtu huyo ungeweza kusukuma trekta. Mwezi haukuisha kabla hajatoa gita lake kwa kanisa moja la Burnt Forest, na bendi ikafa bila mtu kuitangaza. Nyumbani alikwenda Krismasi tu, na sukari na majani chai. Yeye na mzee waliongea mbolea, wakaongea ng'ombe, wakaongea mahindi yaliyooza kwa mvua. Miaka ikapita hivyo, na wote wawili wakiwa na mdomo.

Mzee Wasike alifariki mwaka wa tisini. Nilimsindikiza Kituyi matanga. Asubuhi baada ya mazishi, Nekoye alikuwa akipanga vitu vya marehemu barazani. Akatoa gramafoni ya betri, na rundo la zile santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, ambazo mzee alizipenda. Chini ya rundo ilikuwa yetu, ndani ya jalada lake, safi, haina hata kona iliyokunjika.

Nekoye akaiweka. Ikatoka sauti nyembamba ya kitoto, ikikimbia mbio, na dramu zangu zikawa kama punje za mahindi zinazomwagika kwenye bati.

"Hii mashine inaenda mbio," nilisema. "Rudisha ile swichi ya mwendo."

"Haina swichi," Nekoye akasema. "Ilivunjika kitambo. Fundi wa kule mjini Turbo aliifunga hapo kwa sababu ya hizi ndogo. Si zote huenda namna moja?"

Hazifanani. Ndogo huzunguka haraka, kubwa huzunguka polepole. Nekoye hakujua, na mzee hakujua, kwa sababu katika nyumba ile haikuwahi kuingia kubwa nyingine.

Kituyi aliinama, akaweka kidole kwenye ukingo wa santuri, akaibana kidogo kidogo. Sauti ikashuka, ikayumba, ikashuka tena, mpaka ikamfikia yeye mwenyewe, nzito, ya kifuani. Nekoye akashika mdomo.

"Kumbe ni wewe," alisema. Kisha akasema kwa shida, "Alikuwa anaiweka, unajua. Akibaki peke yake. Nilimuuliza kwa nini, na anaicheka. Akaniambia, jina la mtoto wangu limeandikwa hapa, lazima yumo. Acha nimtafute."

Kituyi hakuondoa kidole mpaka upande ule ukaisha.

"Heri ningeileta mwenyewe," alisema.