Safu ya Sita

Hospitalini walimwita Bwana Faili, naye jina hilo lilimkaa vizuri. Miaka ishirini na miwili katika chumba cha kumbukumbu, dirisha moja, rafu hadi darini. Ukimtajia ugonjwa tu, mkono wake unajua uende wapi. Maringo alikuwa nayo, tusimfichie.

Daktari wa saratani alipomwomba mafaili ya limfoma, ile saratani ya tezi, ya miaka kumi, alimletea mia moja arobaini na matatu kwa siku mbili. Wakakaa kujaza jedwali: umri, jinsia, uvimbe ulianzia wapi. Safu ya sita ilikuwa ya matibabu ya mwanzo. Bwana Faili akaandika dawa za kifua kikuu. Faili la pili, kifua kikuu. La tatu, la nne. Kufika la thelathini, aliweka kalamu chini.

"Daktari, hawa wote walikuwa na TB kweli?"

"Wachache sana. Tezi zinavimba, homa, jasho, mtu anakonda. Dalili ni zilezile, basi wanapewa dawa za TB. Wakifika kwangu, maji yamezidi unga."

Nyumbani, mkewe alikuwa mwezi wa tano wa dawa hizo hizo.

Tena mama wa watu alishasema mapema kwamba tezi za shingo zinazidi, bora arudi akakatwe kinyama kipimwe. Yeye, mtu wa hospitali, akamcheka: "Udaktari umesomea wapi, mama watoto? Maliza dozi." Kila asubuhi alimsimamia na glasi ya maji mpaka ameze, kisha akatia vema kwenye kadi. Hakuruka hata siku moja, na kadi ile aliwahi kuwaonyesha wenzake kazini.

Kesho yake alimpeleka, kinyama kikakatwa. Baada ya wiki mbili daktari alimwita peke yake. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu.

"Niachie mimi nimwambie," Bwana Faili alisema, akaenda kulia chooni.

Asubuhi alimkuta mkewe amekaa kitandani, kadi mapajani, shingo imefungwa kitambaa.

"Baba watoto, leo umenisahau? Zimebaki siku kumi na moja tu." Akatabasamu. "Ulinisumbua wee, lakini bila wewe ningeshaziacha zamani."

Bwana Faili alimimina maji, akampa vidonge, akangoja ameze. Kisha akachukua kalamu, akatia vema.