Sonata Isiyo na Mwimbaji

Juzi, mjukuu wangu, uliniambia kwamba sonata unayojifunza kwenye piano haina mwimbaji. Mimi utotoni nilimngoja. Dada yangu, mwari asiyeruhusiwa kutoka nje, alinituma kwenye ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe, ulionuka nta na udi, nimletee maneno ya wimbo. Mgeni mmoja aliyepiga piano alipomaliza kipande cha kwanza, nilidhani ni bashraf, ule muziki wa ala unaotangulia uimbaji katika taarabu. Vikafuata viwili zaidi, kimoja cha upole na kimoja cha kishindo, kisha watu wakainuka kuondoka, nami nikarudi kwa dada.

“Maneno yako wapi?”

“Mwimbaji hakutokea, dada.”

“Sema ulilala, we mtoto.”

Hakunituma tena, akafa akiniona mwongo. Andika, mjukuu wangu, kwamba sikulala.