Wanjiru wa Nani?

Nakumbuka siku moja ya ukungu pale Chaka, mwanangu, nikitoka mikono mitupu kwenye duka la kompyuta. Siku hizo kijiji kizima kilitumia anwani moja ya barua pepe, ya duka hilo. Muriuki, mchumba wangu, alikuwa ameenda kusoma ng'ambo, nami kila siku ya soko nilipita kuuliza. Mwenye duka alitia barua za akina Wanjiru wote kwenye folda moja. Nasi hurithi majina ya nyanya zetu. Ukirusha jiwe sokoni, utampata Wanjiru. Alifungua ya juu, akaona si yangu, akasema, "Hakuna kitu yako."

Nikaamini. Nilimnunia Muriuki, sikumwandikia hata neno. Nililima peke yangu, nikala peke yangu, na kanisani nikahamia benchi la nyuma. Kudhani umesahaulika kunauma kuliko msiba, maana hata matanga hupati.

Kisha Mwalimu Otieno, aliyetoka magharibi kufundisha kompyuta sekondari yetu, akazihamishia barua zote kwenye hifadhidata. Jedwali moja lilikuwa la watu, kila mmoja na namba yake na kwao. Jingine la barua, kila barua imeunganishwa na namba ya aliyeandika na ya aliyeandikiwa.

"Wewe ni Wanjiru wa nani?" akaniuliza.

"Wa Gathogo. Lakini mwalimu, mimi siko na barua."

"Ngoja kwanza. Nani anakuandikianga?"

Nikamtaja. Mara barua za Muriuki zikajipanga zote kwa tarehe. Nililia mbele za watu. Alikuwa amesalimu, amebembeleza, ameuliza kama nina mwingine. Ya mwisho ilisema, "Nimekuelewa. Sitakusumbua tena."

Nilimjibu papo hapo. Akanirudishia jibu kwa upole kwamba ameshaoa. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikuolewa, kama unavyojua. Sufuria yangu ni ndogo tu.

Sasa umepewa kazi ya kutunza barua za ofisi, mwanangu. Usizirundike kwa majina. Kila mtu awe na namba yake, kila barua ishikane na mwenyewe, mtumaji na tarehe, ipatikane kwa mlango wowote utakaobisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukinyamaziwa na umpendaye, usinune kama mimi, mwandikie wewe.

Ngai akupe wa kukuandikia, na maneno yake yakufikie angali anakungoja.