Kiwanja cha Kwanza Nilichokiona

Mimi ni mtu wa aibu, na kuuliza njia ni jambo ninaloliogopa sana. Siku ya kwenda Maskati kuanza kazi ya bustani, ndege yangu ilikuwa ya saa kumi na moja jioni, kutoka kiwanja cha Kilimanjaro. Mama alinitoa nyumbani Bagara kwa basi la alfajiri. Nilinung'unika njia nzima kwamba ni mapema mno.

Kabla ya Arusha mjini, pale Kisongo, niliona ndege zimeegeshwa. Nikashuka haraka, nikaketi na begi langu kati ya watalii na madereva wao. Nilijisifu moyoni: watu husema kiwanja ni mbali, kumbe saa tatu asubuhi nimefika!

Saa sita Mama akapiga simu.

"Umefika?"

"Nimefika, mama. Nasubiri ndege."

"Umemwuliza mtu?"

Nikamwambia ndege naziona kwa macho yangu.

"Haya, mpe simu mlinzi wa hapo."

Mlinzi wa getini aliipokea, akatazama tiketi yangu, akaongeza sauti ya simu hadi madereva wakasikia.

"Shikamoo mama. Kijana wako kashukia Kisongo. Hapa ni ndege ndogo za kwenda mbugani. Kilimanjaro ni kule mbele, ukishapita mjini. Lakini muda anao, nitamtafutia gari."

"Marahaba, baba, Mungu akubariki. Sasa unafikiri nilimtoa alfajiri kwa nini? Huyo namjua. Hata akipotea, haulizi!"

Madereva wote wakacheka, wakanigeukia. Uso ulikuwa unanichoma, lakini nikasogea karibu na simu na kusema kwa sauti, mbele yao wote: "Asante, mama."